Mtoto Aje na Fungu Lake: Risala ya Walezi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya;
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri;
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji na wataalamu wako;
Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, masheikh, wachungaji na mapadre;
Wazazi, walezi, na ninyi watoto wenye siku yenu:

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja kwenye uwanja huu wa vumbi badala ya kutuita ukumbini. Ratiba inaonyesha tumepewa dakika kumi, na baada yetu kuna ngoma, sarakasi na ugawaji wa madaftari. Tunawaomba wachezaji wa ngoma watuazime dakika zao chache.

Sisi ni makundi mawili yaliyoamua kusoma risala moja. Kundi la kwanza ni walezi wa kuaminika, yaani familia ambazo Ofisi ya Ustawi wa Jamii huziletea watoto waliotelekezwa, waliokimbia kipigo, waliopotea, au waliokutwa stendi usiku bila mtu. Kundi la pili ni walimu wastaafu na vijana wa mtaani wanaokaa na watoto baada ya kengele ya mwisho ya shule, wakiwasomesha, wakiwachezesha na kuwapikia uji. Tumeungana kwa sababu watoto wenyewe ni walewale. Anayelala kwa mama mlezi usiku ndiye anayekaa kwenye benchi letu jioni.

Leo ni Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Tarehe hii iliingia katika kalenda ya Afrika kwa sababu ya watoto wa Soweto, waliotoka madarasani mwaka 1976 wakikataa kufundishwa kwa Kiafrikaansi, na wengi wao wakapigwa risasi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaanza kuiadhimisha mwaka 1991. Siku yenyewe ina asili ya madai, kwa hiyo tunaamini hatuvunji adabu tukija na ya kwetu.

Barua ya ukurasa mmoja

Mheshimiwa, watoto hufika kwetu kwa namna inayofanana. Simu inaita usiku. Ni afisa ustawi, au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. "Mama, una nafasi?" Huulizi mengi. Mtoto analetwa kwa bajaji akiwa na nguo alizovaa, na pengine mfuko wenye kitu ambacho hataki mtu akione. Baada ya siku mbili tatu inafuata barua: ukurasa mmoja, muhuri wa halmashauri, jina la mtoto kama alivyolitaja mwenyewe, umri wa kukadiria, na maelezo kwamba amekabidhiwa kwa fulani kwa uangalizi wa muda.

Barua hiyo ndiyo mamlaka yote tuliyo nayo mkononi. Tunaitunza. Wengine wameiwekea nailoni ngumu isichakae kwa kukunjwa. Tatizo ni kwamba inaheshimiwa na ofisi iliyoiandika tu.

Ukiipeleka shuleni, mwalimu mkuu anaisoma, anakurudishia, kisha anauliza cheti cha kuzaliwa na barua ya uhamisho kutoka shule ya awali. Mtoto hataki kuitaja shule ya awali. Pengine hakuwahi kuwa nayo, pengine anaogopa kwamba akiitaja atarudishwa kulekule alikokimbia. Tunaye aliyekaa muhula mzima bila darasa kwa sababu hiyo, kila asubuhi akiwasindikiza wenzake hadi getini na kurudi. Elimu ya msingi haina ada, na hilo tunalishukuru bila unafiki. Lakini mlango usio na kiingilio bado unaweza kuwa na bawabu.

Hospitalini ni hivyohivyo. Mtoto akivunjika mkono na ikahitajika ridhaa kabla ya kupasuliwa, karani anamtazama mlezi na kuuliza, "Wewe ni nani yake?" Fomu ina nafasi ya baba, ya mama, na ya mlezi wa kisheria mwenye hati. Mlezi anatoa barua yake yenye nailoni, karani anakwenda kumuuliza mkubwa wake, mkubwa anampigia afisa ustawi, simu ya afisa ustawi haipatikani. Mtoto yuko kwenye benchi anaugulia. Tumeyaona haya kwa macho, na hatuwalaumu makarani. Hawajaandikiwa popote kwamba barua ile inatosha.

Na cheti cha kuzaliwa? Tunaufahamu mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kushushwa hadi zahanati na ofisi za kata. Ni mpango mzuri, umewafaa wengi. Mtoto wa miaka tisa aliyeokotwa stendi hayumo. Yeye anatakiwa kuthibitisha alizaliwa wapi na nani, jambo ambalo hata sisi tungependa kulijua. Bila cheti ananyimwa bima, anasuasua shuleni, na atakapofikia umri wa kitambulisho cha taifa ataambiwa aanze upya, akiwa peke yake safari hii.

Kisha afisa aliyeandika barua anahamishwa. Anakuja mwingine, mtu mwema tu, lakini hamjui mtoto na faili halimwambii kitu. Afisa mmoja ana kata nyingi na usafiri hana. Imewahi kutokea, Mheshimiwa, na tunalisema hili bila kumtaja mtu, kwamba walezi walichanga mafuta ya pikipiki ili afisa aweze kuja kuwakagua wao wenyewe. Tulicheka siku ile. Halikuwa jambo la kucheka.

Mtoto anavyokuja ndivyo anavyoondoka. Ndugu wanapatikana, au mama anarudi, na sisi tunajua kwamba makusudi ya sheria ni mtoto akue kwa wazazi wake inapowezekana. Hatupingi. Tunachopinga ni kuambiwa asubuhi na kuchukuliwa mtoto kabla ya adhuhuri, nguo zake zikiwa kambani hazijakauka. Alikuja akijikojolea kila usiku, akaacha, akaanza kulala. Anaondoka bila mtu kuuliza alikuwa anaogopa nini na kilichomtuliza ni kipi. Huko aendako wataanza mwanzo. Mwenzetu mmoja alikwenda gengeni kununua nyanya akakutana uso kwa uso na baba wa mtoto aliyekuwa akimlea. Kwa ufahamu wake, yule bwana alikuwa bado rumande kwa kesi ya kumchoma mtoto huyohuyo. Dhamana ilikuwa imetoka. Hakuna aliyeona kwamba mlezi ni mtu wa kupewa taarifa.

Anayekula ni mtoto

La fedha tuliseme bila kuzungukazunguka. Hatulipwi, na tulipojaza fomu za kuwa walezi hatukuomba mshahara. Hata leo hatuombi. Ila mtoto anakula, anaugua, anavaa sare, viatu vinambana kabla ya mwaka kwisha. Vyote hivyo vinatoka kwenye mfuko wa mama lishe, wa fundi cherehani, wa bibi mwenye pensheni ya marehemu mumewe. Wengi wetu ni wapangaji. Mwenye nyumba anagawa bili ya maji na umeme kwa kuhesabu vichwa, na kichwa kilicholetwa na serikali anakihesabu kama vingine.

Ramadhani ikiingia, na Krismasi ikikaribia, magari hupanga foleni kwenye makao ya watoto. Mchele, mafuta, sabuni, mbuzi, na wapiga picha. Watoto wa makao hatuwaonei wivu. Wengine walipita mikononi mwetu kabla ya kupelekwa huko. Lakini wa kwetu walitoka ofisi ileile, kwa afisa yuleyule, pengine usiku uleule. Tofauti ni kwamba wao walilazwa chumbani kwa bibi badala ya bwenini, na kwa sababu hiyo hawaonekani. Mtoto mmoja anayeosha vyombo uani hana picha ya kumpendeza mfadhili.

Matokeo yake ni kinyume cha kile ambacho nchi yenyewe imesema inataka. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala umeweka familia mbele na taasisi nyuma, na umesema watoto wa chini ya miaka mitatu hasa walelewe katika familia. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwanzoni mwa karne hii uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao. Nusu yao walihamishiwa kwa familia za malezi kwa kura, na waliochukuliwa kabla ya kutimiza miaka miwili walipata nafuu kubwa zaidi ya akili na ya moyo. Kuna jambo dogo ndani ya utafiti ule ambalo husahauliwa: zile familia ziliwezeshwa kwa fedha na zilitembelewa na wataalamu. Hazikuachiwa barua.

Jirani zetu nao wametembea. Rwanda ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwapeleka katika familia, na wanavijiji wanaojitolea kulea, wanaoitwa Malayika Mulinzi, wanajulikana hadi ngazi ya kijiji. Kenya ilipitisha Sheria ya Watoto mwaka 2022, na mwaka huohuo ikatoa mkakati wa miaka kumi wenye mwelekeo huo. Hatusemi kwao mambo yamekwisha kunyooka. Tunasema wameandika ni nani afanye nini.

Na sisi tunayo sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake, na kutunza daftari la watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi ili wasaidiwe wakue kwa heshima kati ya wenzao. Daftari hilo tumeliona. Lina majina. Baada ya majina hakuna safu ya kuonyesha mtoto amepata nini, na pengine ndiyo maana hakuna anayeshituka akikuta hajapata kitu.

Tulipouliza, tulishauriwa tuunde vikundi tuchukue mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ushauri ulitolewa kwa nia njema. Mkopo ule ni wa biashara na unarejeshwa. Kumlisha mtoto uliyekabidhiwa si biashara. Tuliambiwa pia kuhusu TASAF. Wako walezi wachache ambao kaya zao zimo katika Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini, lakini mtoto aliyeletwa baada ya kaya kuandikishwa anadaiwa cheti cha kuzaliwa ili aingizwe kwenye orodha, na hapo tunarudi dirishani tulipotoka.

Kuhusu matibabu, mtoto aliyevuka miaka mitano hana msamaha wa umri. Wengi wetu tulijibana tukalipia Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa na watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule zao. Watoto wetu ndio hao wasiokaa shule moja, na wengine hawana hata hiyo moja. Sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo inazungumzia kuwagharamia wasio na uwezo. Tunauliza kwa unyenyekevu: mtoto aliyekabidhiwa kwetu na serikali yenyewe, kwa muhuri wake, athibitishwe na nani tena kwamba hana uwezo?

Katika kila maadhimisho ya siku hii tumesikia methali kwamba mkono mmoja haulei mwana. Utuwie radhi, Mheshimiwa, lakini mara nyingi imesemwa na mkono ambao haujashika mtoto. Zamani mtoto wa marehemu alichukuliwa na shangazi au mjomba bila fomu yoyote, kwa kuwa shangazi alikuwa na shamba, na uani kulikuwa na watu wanane wa kumtazama. Shangazi wa leo amepanga chumba kimoja na anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi sokoni. Moyo wake haujabadilika. Vilivyopungua ni mihogo na jirani.

Saa tisa hadi magharibi

Tunakuja kwa wenzetu wa masomo ya jioni, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili halina ofisi kabisa.

Nchi hii ina mpango wa mtoto mdogo. Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, nayo inamhusu mtoto tangu tumboni hadi miaka minane. Aliyeikosa shule ana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Aliyefanyiwa ukatili ana kamati za MTAKUWWA, mpango wa kitaifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuanzia taifa hadi mtaa, walau kwenye karatasi. Lakini mtoto wa miaka kumi, mzima, anayesoma darasa la nne, kuanzia kengele ya saa tisa hadi mlezi wake atakaporudi magharibi, ni wa nani? Wa madarasa ya chini hutoka mapema zaidi, kabla ya adhuhuri. Kwenye shule zenye mikondo miwili, wengine wanashinda mtaani asubuhi na kuingia darasani mchana wakiwa wamekwisha kuchoka.

Njoo mtaani kwetu saa kumi, bila msafara. Utawakuta kwenye vibanda umiza wakitazama picha ambazo hata sisi watu wazima tungefumba macho. Utawakuta wakiokota vyuma chakavu kwenye mitaro, wakibeba mizigo sokoni, wakisimama nyuma ya mtu anayecheza mashine ya kamari wakisubiri sarafu idondoke. Walio Waislamu wana madrasa, na tuseme wazi kwamba maustadhi wametutangulia kazi hii kwa karne nyingi. Saa mbili ambazo mtoto yuko chuoni ni saa ambazo mama yake anafanya kazi akiwa na utulivu. Makanisa nayo yana kwaya na vipindi vyake mwisho wa wiki. Baada ya hapo ni barabara.

Sisi tuna banda la mabati, ubao, vitabu vya kuombaomba na sufuria ya uji. Uji ndio unaowaleta, hatuoni aibu kusema. Wakishakunywa wanafanya kazi za shule, kisha wanasoma kwa sauti, kisha mpira. Alikuja kijana wa darasa la tano asiyejua kusoma. Angekalishwa na wa darasa la pili angetoroka siku hiyohiyo. Mwalimu wetu, mama mstaafu mwenye akili za miaka mingi ya chaki, akampa kazi: awe anawasimamia wadogo, ashike kitabu, awaonyeshe picha, awatajie silabi moja moja ambazo mwalimu alimfundisha pembeni dakika chache kabla. Alijifunza kusoma akidhani anafundisha. Hatukuona mbinu hiyo kwenye mwongozo wowote.

Faida nyingine ya banda hili haionekani kwa jicho la ukaguzi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wengi hawakupata huduma yoyote. Mtoto hasemi mbele ya fomu. Anasema akiwa anamenya viazi, mgongo umegeuzwa, kama anazungumzia habari za mtu mwingine. Ili asikike lazima awepo mtu mzima aliyekaa naye siku nyingi bila kumdai kitu. Namba 116 ya huduma kwa mtoto tumeiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Wanaijua, lakini wenye kuipiga ni sisi.

Tulipotaka kusajili banda, Elimu wakasema hii si shule. Ustawi wakasema vituo vya kulelea watoto mchana ni vya wadogo, na hawa ni wakubwa. Maendeleo ya Jamii wakatupokea vizuri, wakatupa fomu ya kikundi, na fomu ina sehemu ya kueleza mradi wa kuzalisha kipato. Tunazalisha watoto wanaojua kusoma, lakini sehemu hiyo haikukubali jibu la namna hiyo.

Tukaomba madarasa ya shule ya jirani, ambayo yanafungwa kwa kufuli jioni huku yana madawati na paa lisilovuja. Mwalimu mkuu alitamani kutukubalia. Alihofia mambo mawili: dawati likivunjika nani alipe, na mtu akipita akaona watoto darasani saa kumi na moja asije akaripotiwa kwamba anaendesha twisheni. Tunajua masomo ya ziada ya kulipia yamekemewa mara nyingi, na tunaunga mkono. Sisi hatutozi hata senti. Lakini mwalimu anahitaji karatasi ya kumkinga, na karatasi hiyo anaweza kuitoa Mkurugenzi peke yake.

Uwanja wa wazi uliokuwa kwenye ramani ya mtaa sasa una fremu za maduka. Wanaodhani viwanja vya watoto ni anasa wakatazame ule wa Kidongo Chekundu jijini Dar es Salaam uliofunguliwa mwaka 2015 kwa jina la Rais mstaafu Kikwete: uzio, taa, makocha, na watoto wanaojua kwamba pale jioni kuna mtu anawasubiri. Hatuombi wa namna ile. Tungetosheka na wa vumbi, mradi uwe wetu na usiwe na fremu.

Kuna mambo mawili ambayo wengine wangeyaacha. Watoto wenye ulemavu karibu hatuletewi. Wanapokuja, wanakuja bila fimbo, bila kiti, bila maelekezo, na mlezi anajifunza kwa kubahatisha. Na kijana akifikisha miaka 18 barua yake inakufa siku hiyo. Mtoto wa kuzaa hafukuzwi kwa sababu ya siku yake ya kuzaliwa, na wa kwetu hatujawafukuza, ila kuanzia hapo hata jina lao linatoka kwenye daftari.

Tunachodai

Mheshimiwa, tumeyagawa madai yetu kwa kuangalia kama yanahitaji fedha au hayahitaji, kwa sababu tunajua bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1 imekwisha kupitishwa, na hatutaki kujibiwa kwa hoja hiyo katika mambo ambayo gharama yake ni wino.

Yasiyohitaji fedha tunayataka kabla shule hazijafunguliwa Julai. Ofisi yako na ya Mkurugenzi ziandike waraka mmoja kwa walimu wakuu na waganga wafawidhi wote, kwamba mlezi mwenye barua ya ustawi apokelewe mtoto wake darasani siku hiyohiyo, vielelezo vifuate baadaye, na kwamba ridhaa yake ya matibabu ikubaliwe. Msajili wa vizazi wa wilaya na afisa ustawi wapange siku moja kila mwezi ya kushughulikia watoto wasio na nyaraka, wote chumba kimoja, pamoja na polisi na mratibu wa TASAF, ili mlezi asizungushwe. Mtoto anaporudishwa kwa ndugu, mlezi apewe taarifa siku saba kabla, isipokuwa kwa dharura ya usalama, na asikilizwe. Afisa amtembelee mtoto huko aliko na mlezi ajulishwe hali yake. Mtuhumiwa anapopata dhamana, mlezi aambiwe siku hiyohiyo. Mkurugenzi atoe kibali cha maandishi cha kutumia madarasa mawili katika kila kata hadi saa kumi na mbili jioni, sisi tukiwajibika kwa madawati na usafi. Uwanja wa mtaa upimwe upya, mbele ya wananchi.

Na sisi tukaguliwe. Hili tunalidai kwa nguvu kuliko mengine. Si kila mtu mzima anayependa kukaa na watoto jioni ni wa kuachiwa watoto. Alikuja mgeni mmoja na mfuko wa pipi akitaka kuwapeleka watoto kambi ya mwisho wa wiki. Tulimkatalia, lakini hatukupata ofisi yenye daftari la kuandika jina lake ili kata ya jirani nayo imkatae. Tunataka kila anayejitolea adhaminiwe na mtaa wake, achunguzwe na polisi, asaini kanuni za maadili, na asikae na mtoto peke yake mlango ukiwa umefungwa. Walezi nao watembelewe bila taarifa. Anayetendea vibaya mtoto miongoni mwetu tutakuwa wa kwanza kumfikisha kituoni.

Yanayohitaji fedha yaingie katika maandalizi ya bajeti ijayo, kuanzia vikao vya mitaa. Tunadai fungu la malezi ya familia katika mapato ya ndani ya halmashauri, lenye kifungu chake na jina lake, linalomfuata mtoto: chakula, sare, bima. Akihamia kwa shangazi, fungu limfuate huko walau mwaka wa kwanza wa masomo, maana familia nyingi hushindwa katika miezi ile ya mwanzo na mtoto akarudi stendi. Kiasi kipangwe na wataalamu. Sisi tunataka kijulikane na kifike. Tunadai usafiri wa maafisa ustawi. Tunadai uji wa jioni na nauli ya walimu wastaafu. Na kwa wafadhili wanaopitia ofisini kwako tunaomba jambo dogo: msaada wa watoto ugawiwe kwa kufuata daftari, si kwa kufuata geti kubwa.

Hatukuja na tishio. Simu ikiita usiku wa leo tutaamka na kumpokea mtoto, kama siku zote. Wapo viongozi ambao wamelitumia hilo kama sababu ya kutulia, wakijua kwamba hatuwezi kugoma. Tunakuomba, Mheshimiwa, usiwe mmoja wao.

Majibu ya madai haya tunaomba yatolewe kwa maandishi na kubandikwa katika ofisi ya kila kata ifikapo Julai 31, moja baada ya jingine, likiwemo lile litakalokataliwa na sababu yake. Nakala za risala hii wamekabidhiwa Mkurugenzi, Mwenyekiti wa Halmashauri na Afisa Ustawi wa Jamii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.